Hewa Ndani ya Shaba

3 Februari

Shangazi yangu wa pekee (wangekuwepo wengine ningewaandikia wao, maana wewe hujibu haraka),

Shikamoo. Sisi huku wazima. Goti la bibi linatabiri mvua kila asubuhi na mvua haiji, kwa hiyo siku hizi wamenuniana, yeye na goti. Mama anakusalimu sana. Anasema kwa miwani uliyomtumia anaona mpaka vumbi ambalo zamani lilikuwa halimsumbui, na anayetumwa kulifuta ni mimi. Asante sana, Shangazi. Jirani yetu wa mashine ya kusaga mkanda wake ulikatika ukamchapa msaidizi makalioni, kijana wa watu ameshinda amesimama kama mlingoti. Hayo ndiyo makubwa ya mtaa.

Sasa tuje kwangu. Ukisikia huko kuna kijana kwenye karakana fulani ya kusuka mota, akishika waya wenyewe unajipanga, usiulize ni nani. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa amani, kila mmoja akamtakia mwenzake heri. Lakini mkono, Shangazi! Mkono huu ungekuwa mtoto wa shule ungeshika namba moja.

Barua uliyomwandikia mama nimeisoma mimi, kwa sababu miwani alikuwa ameikalia. Kwamba kiwandani kwenu, pale mnapobuni jenereta za mitambo ya upepo, chumba cha kusukia koili kinatafuta kijana mmoja wa kujifunza kazi. Kwamba hawataki cheti, wanataka koili moja tu ya waya wa shaba, iliyosukwa kwa mkono, kwa vipimo ulivyochora. Hawataki cheti! Nilipofika hapo nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote, na ujue nimesema hivyo nikiwa nimeshahesabu hata mpira wa miguu. Hapa kwa baba tunafufua maiti. Mota imekufa, tunaitoa matumbo, tunaitia mengine, inarudi ilikotoka mpaka ife tena. Huko kwenu mnazaa kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Mimi nataka kuzaa, usicheke.

Koili hiyo hapo kwenye kifurushi. Iangalie vizuri, halafu waambie wengine wasijisumbue kutuma zao.

Baba sijamwambia. Kila ukitajwa mezani anaomba chumvi.

Mama aliuliza kwa nini nisikupigie simu tu. Nikamwambia koili haipiti kwenye simu, na mimi kwenye simu nikianza kucheka nasahau nilichopigia.

Ni mimi,
Fundi Mkuu wa Kesho Kutwa


1 Machi

Mwanangu, Fundi Mkuu wa Kesho Kutwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie bibi yako dawa ya goti ni kulitembeza, si kulinunia. Msalimie wifi yangu, aiweke miwani kwenye kasha lake. Msalimie jirani wa mashine ya kusaga na huyo msaidizi wake, na yule paka wa rangi mbili kama bado yupo.

Mimi sijambo. Nyumba niliyopanga ni ndogo lakini dirisha linatazama uwanja, na asubuhi naamka nikiangalia matawi kabla sijaangalia saa. Ukifanya kazi ya upepo unakuwa mwehu kidogo.

Koili yako ilifika salama. Ilipita mikononi mwa chumba kizima. Kwa nje ni nzuri, hilo nalisema bila kukubembeleza. Mkuu wa chumba cha kusukia, mzee mmoja tunayemwita Bwana Msumeno, aliitazama, akasema "safi", akaifunga kwenye jiriwa, akaikata katikati.

Usishtuke. Ndivyo kazi yetu ilivyo, koili ya mtihani lazima ikatwe tuone tumboni. Nikueleze kwa nini. Jenereta tunayoibuni haina giaboksi. Mapanga yanayoshika upepo yanaizungusha moja kwa moja, na mapanga makubwa hayana haraka. Ili upate umeme wa maana kwa mzunguko wa polepole hivyo, lazima sumaku ziwe nyingi, koili ziwe nyingi, na pasiwe na koili hata moja inayozembea. Nafasi ya kuweka koili, kati ya jino moja la chuma na jingine, ni finyu na haiongezeki. Ukiacha ngozi nyembamba ya kuzuia umeme, humo ndani mna vitu viwili tu, shaba na hewa. Shaba inabeba umeme. Hewa inakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Hewa ikizidi shaba inapungua, shaba ikipungua koili inachemka, na lile joto ni upepo tuliohangaika kuukamata huko juu halafu tukaupoteza ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Sasa yako. Tabaka la juu limechanwa kama nywele za mtoto siku ya kupiga picha. Chini yake nyaya zinapandana, zinakatizana, zinagombania njia. Karibu nusu ni hewa. Nakurudishia kipande kimoja ujionee. Kila waya unatakiwa ulale kwenye bonde la nyaya mbili zilizo chini yake, kama machungwa ya muuzaji anayejua kuyapanga.

Bwana Msumeno amekubali utume nyingine kabla Aprili haijaisha. Hii si hisani kwangu. Wametuma wengi, na walioshindwa wote wamepewa nafasi ya pili.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo, ingawa nimekasirika. Umeikata! Umeikata kama muwa! Umeniletea mpaka kipande, kama mtu aliyepoteza mbuzi akapelekewa mguu!

Bibi alikiokota, akakigeuza, akauliza, "Nani kafanya ukatili huu?"

"Binti yako."

"Basi hajabadilika. Nilimnunulia mwanasesere, kesho yake nikamkuta amempasua tumbo. Namwuliza kwa nini, ananiambia alikuwa anataka kujua kinachomfanya anyamaze."

Nimecheka nikasahau hasira, halafu nikakumbuka nikakasirika upya.

Lakini sikudanganyi, nilikaa na kile kipande dirishani. Umesema kweli. Kwa ndani ni kiota cha ndege mlevi. Nimeona aibu peke yangu, na mimi aibu si kitu ninachokitembelea mara kwa mara.

Nilikiacha kwenye benchi la kazi. Baba akaingia, akakiona. Akakichukua, akakisogeza karibu na taa, akapitisha kidole pale msumeno ulipopita. Mimi nilikuwa najifanya natafuta bisibisi niliyokuwa nimeishika. Akakirudisha pale pale kilipokuwa, upande ule ule, akaenda kunawa mikono.

Na wewe, Shangazi! Umemsalimu bibi, umemsalimu mama, jirani, msaidizi wa jirani ambaye humjui hata sura, na paka. Yule paka alishakufa, lakini salamu nimezifikisha. Baba hayumo. Nimemwuliza bibi kulikoni, maana ninyi ni ndugu wa tumbo moja, yeye kifungua mimba na wewe kitinda mimba. Bibi akasema ulipokuja likizo kutoka chuoni ulimkuta baba anachoma mota ya mteja kwa moto wa kuni ili nyaya za zamani zitoke. Ukamwambia, mteja akisikia, kwamba moto ule unaharibu chuma, na mota ikitoka hapo itakunywa umeme zaidi ya mwanzo. Mteja akabeba mota yake akaondoka, na maneno akaenda nayo. Ni kweli? Miaka yote hiyo kwa sababu ya mota moja? Mimi na mdogo wa jirani tulipigana mawe na jioni tukala pamoja.

Basi. Kazi yako ni kunoa msumeno, yangu ni kusuka. Hii ya pili ukiikata, huo msumeno utatoka bila jino hata moja.

Fundi Mkuu (aliyejeruhiwa)


18 Aprili

Mwanangu,

Nategemea hii inawakuta wazima. Poleni na paka.

Sijapata kifurushi. Sikusukumi, nakukumbusha tu kwamba mwezi unaisha.

Sisi tumekuwa na kazi ya ukaidi. Tuliipandisha jenereta ya mfano kwenye mnara wa majaribio, upepo mdogo ukaja, mapanga yakagoma. Upepo mkubwa ilikuwa sawa, lakini upepo mkubwa hauji kila siku, na mashine inayofanya kazi siku ya sherehe tu haina maana. Shida ni kwamba sumaku zinapenda chuma. Kila sumaku ilikuwa imekabiliana sawasawa na jino lake, zote zinang'ang'ania kwa pamoja, hakuna anayetaka kuachia wa kwanza. Nimezilaza mshazari kidogo, ili kila moja ianze kushika jino linalofuata kabla haijaachia la nyuma. Wiki hii mapanga yameanza kuzunguka kwa upepo ambao hata pazia langu halikuusikia. Nimekaa chini ya mnara nikila mkate wangu na kuangalia. Pale hapakuwa na mtu wa kumwambia ambaye angeelewa kwa nini nafurahi, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Hilo la mota uliloniuliza, bibi yako amelisimulia vizuri.

Wasalimie wote.

Shangazi yako


25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Koili ni hii. Natumaini itafaa.

Wasalaam.


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ulikuwa unaumwa? Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia barua fupi kiasi kile, na isiyo na cheo chini.

Habari za huku ni njema. Tumepata mvua, njia ya kwenda mnarani imekuwa tope, gari la kazini tulilisukuma na Bwana Msumeno akapoteza kiatu kimoja. Alirudi mjini na kimoja, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka aliposhuka.

Koili imekatwa. Nyaya zimelala kila moja kwenye bonde lake, tabaka kwa tabaka, mpaka ndani kabisa ambako hakuna mtu aliyetegemewa kuangalia. Kati ya zote tulizoletewa hakuna yenye hewa kidogo kama hiyo. Bwana Msumeno aliishika muda mrefu. Akasema, "Huyu kijana ana miaka mingapi?" Nikamtajia. Akasema, "Aha." Waya umezungushwa kuelekea upande wa pili, si ule niliouchora, lakini akasema hilo linarekebishika.

Kwa hiyo nafasi ni yako. Kazi inaanza tarehe moja Julai. Kinachotakiwa ni sentensi moja, kwa mwandiko wako, kwamba koili hii umeisuka kwa mkono wako. Wote wanaandika hivyo. Ukiniletea sentensi hiyo nitampelekea Bwana Msumeno, na mimi sitakuuliza kitu kingine chochote, si sasa, si baadaye.

Jambo jingine, halihusiani na lolote. Mtu wa mkono wa kulia akifundishwa kazi na mtu mashoto asisimame ubavuni pake. Akisimama ubavuni ataiga kila kitu kinyume, atavuta waya kutoka upande usio wake, nao utapanda juu ya mwenzake kila safari. Akae mbele yake, wakitazamana, kama mtu na kioo. Mimi nilifundishwa hivyo kufunga kamba za viatu.

Siku hizi karakana mnatoaje nyaya za zamani kwenye mota?

Msalimie bibi, msalimie mama, na wasalimie wote walioko karakana.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi yangu mchawi,

Shikamoo. Bibi mzima, goti limeomba radhi. Mama ameshona mapazia mapya ya jirani wa mashine ya kusaga, na jirani anasema ni mazuri mno kwa unga, sasa anafagia. Mimi nimekonda kidogo lakini sura bado ipo.

Najua leo ni tarehe gani. Najua barua hii haiwezi kufika kabla ya tarehe moja. Usifikiri sikuangalia kalenda. Sentensi yako niliiandika. Niliiandika vizuri, kwa herufi za kulala, kwenye karatasi safi, nikaikunja. Ikakaa mfukoni mpaka mama akaifua.

"Halihusiani na lolote," eti! Shangazi, ningekuwa karibu ningekufinya.

Haya, sikiliza ilivyokuwa. Baada ya wewe kunirudishia ule mguu wa mbuzi nilisuka nyingine. Nikaikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma. Kiota. Nikasuka nyingine, kiota. Nilikuwa nasimama ubavuni kwa baba akisuka mota za wateja, naangalia mkono wake wa kushoto unavyopeleka waya, naiga, na waya wangu unapanda juu ya mwenzake kama ng'ombe sokoni. Nilifika mahali nikaongea na waya kwa lugha iliyomfanya bibi atoke nje kuuliza kuna mgeni gani.

Jumapili moja karakana imefungwa, nikakumbuka nimesahau kofia, nikarudi kuifuata. Namkuta baba amekaa peke yake benchini, ule mchoro wako mbele yake umekandamizwa na nyundo, anasuka. Nikataka kutoka. Akasema bila kugeuka, "Kaa." Nikakaa. "Usiniangalie usoni, angalia waya." Nikaangalia waya. Alipomaliza akaifunga uzi, akaiweka, akasema, "Hivyo," akaenda kula.

Basi, hiyo ndiyo uliyoikata. Aprili ilikuwa inaisha, na mimi nilikuwa na viota vitupu. Niliifunga kwenye gazeti nikaipeleka. Unajua sasa kwa nini barua ilikuwa fupi. Kila nilipotaka kujisifu, kalamu ilikataa.

Kesho yake baba akaitafuta. "Ile koili iko wapi?"

"Nimeituma."

"Kwa nani?"

"Kwa anayekata."

Akaomba chumvi, Shangazi, na tulikuwa karakana!

Hakusema nami mpaka barua yako ilipokuja. Nilikaa nayo juma zima, halafu nikamsomea, mimi nimesimama mlangoni karibu na njia ya kukimbilia. Nilipofika "mpaka ndani kabisa ambako hakuna mtu aliyetegemewa kuangalia", akasema, "Rudia." Nikarudia. Nikaendelea mpaka kwenye sentensi moja inayotakiwa. Akaniuliza, "Utaandika?"

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sikuomba kazi kwa mtu."

"Nikiandika nitapata, baba. Nisipoandika nabaki hapa."

"Utapata. Halafu tarehe moja watakupa waya, wote wamekutazama. Utanipigia simu nije nikae chini ya meza?"

Nilitaka kukasirika, ila nilimpiga picha akilini amejikunja chini ya meza na lile tumbo lake, nikacheka. Na yeye akacheka. Hatujawahi kucheka kitu kimoja kwa wakati mmoja tangu nivunje dirisha la karakana.

Kwa hiyo Shangazi, ile koili si yangu. Ni ya kaka yako. Andika hivyo, mwambie Bwana Msumeno, mpe pole ya kiatu.

Sasa tunakaa tukitazamana. Nimeweka stuli mbele ya benchi lake, goti kwa goti. Mkono wake wa kushoto ukienda, wangu wa kulia unakwenda upande huo huo, kama kioo. Siku ya kwanza tu waya ulitulia, nikapiga kelele jirani akazima mashine. Nimekata nyingi mpaka bibi anavitumia vipande kuzuia mlango. Ninayokutumia leo ni yangu, kwa mkono wangu, na sentensi yake nimeiandika nyuma ya barua hii kwa herufi kubwa. Kwa jicho langu haifikii ya baba. Inaikaribia. Sijawahi kuandika neno "inaikaribia" maishani mwangu, ona ulichonifanya.

Umeuliza tunatoaje nyaya za zamani. Baba hachomi kwa kuni. Ametengeneza tanuri la moto mdogo, anazipasha mpaka vanishi inayozigandisha ilegee, kisha anazivuta moja moja kwa koleo, kazi ya kuchosha kuliko kung'oa jino la mtu anayeongea. Amefanya hivyo tangu mimi mdogo. Mafundi wengine wa mtaa wanachoma na kumaliza kabla ya chai. Nikimwuliza kwa nini tunajitesa, anasema moshi unamkera macho.

Mwanao,
Fundi (ukuu umesimamishwa kwa muda)


6 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa barua ndefu. Niliisoma kwenye ngazi, sikungoja kufika juu.

Nianze na lililo zito. Tarehe moja Julai ilipita. Nafasi ameipata binti mmoja aliyetoka karakana ya babu yake, koili yake ilikuwa ya pili kwa ubora, na ilikuwa yake. Ni mkimya, anafika mapema, na Bwana Msumeno ameshaanza kumwita "mwalimu" kwa utani. Nafasi nyingine sijui itatokea lini, na sitakudanganya kwamba najua. Ungeandika ile sentensi mwezi Mei leo ungekuwa umekaa kwenye kiti chake. Nilijua koili ile ni ya nani kabla msumeno haujafika katikati, na ningeipeleka sentensi yako kama nilivyokuahidi. Nisingelala vizuri, lakini ningeipeleka.

Sasa koili ya tatu uliyotuma. Haikukatwa.

Ilifika siku tunaikusanya jenereta ya pili ya mfano, ile iliyojengwa tangu mwanzo na sumaku za mshazari. Katika kuzishindilia koili kwenye meno, moja ilichubuka ngozi, nayo ikichubuka ni ya kutupa. Akiba ilikuwa imekwisha na gari la kwenda mnarani linangoja. Kifurushi chako kilikuwa mezani kwangu hakijafunguliwa. Nikakifungua. Upande sahihi, vipimo sahihi. Bwana Msumeno akaipima uzito, akapima ukinzani wa shaba, akaitia umeme tukaishika kuona inapata joto kiasi gani. Akashika msumeno kwa mazoea. Nikamwambia, "Ukiikata hatuondoki leo." Akaniangalia, akauweka chini. Yule binti ndiye aliyeiingiza kwenye jino lake, kwa mikono miwili, polepole.

Kwa hiyo iko juu mnarani, ya kumi na mbili kutoka alama nyekundu. Ndani yake ikoje hatujui, na hatutajua mpaka siku jenereta hiyo itakapozeeka. Tunajua tu kwamba kwa upepo mdogo jenereta ya pili inapoteza umeme kidogo kuliko ya kwanza, na kwamba hakuna koili hata moja inayochemka kuliko wenzake. Nilimwomba mtu wa vipimo anionyeshe ya kumi na mbili peke yake. Imetulia kama zilizobaki.

Msalimie bibi. Msalimie wifi. Msalimie kaka. Mwambie moshi unanikera macho mimi pia.

Shangazi yako


17 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nafasi imekwenda. Nimeisoma hiyo sehemu, nikaikunja barua, nikatoka nikazunguka mtaa mpaka kwa jirani na kurudi. Sikulia. Vumbi la unga liko jingi pale, muulize yeyote. Mpe hongera yule binti, na mwambie asizoee sana kile kiti.

Halafu nikaifungua barua upya nikasoma iliyobaki. Shangazi, kwa nini hukuanza na iliyobaki?

Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia jirani, msaidizi wake, mteja aliyekuja kuulizia mota yake na kuondoka bila kuipata. Bibi akaniuliza, "Sasa hiyo yako ni ipi, ile inayozunguka?"

"Hapana bibi, zinazozunguka ni sumaku. Yangu imekaa."

"Kila kitu kinazunguka, yako imekaa?"

"Ndiyo kazi yake, kukaa."

"Basi hiyo kweli ni yako, mume wangu."

Mama ameandika "kumi na mbili" kwa chaki mlangoni. Sijui kwa nini, lakini hajaruhusu mtu aifute.

Baba nilimsomea jioni, tukiwa tumefunga karakana. Nilipofika kwenye salamu yake nilisoma kawaida tu, kana kwamba huwa ipo kila barua. Alikuwa anapangusa koleo. Akaendelea kupangusa, ile koleo imeng'aa mpaka unaweza kunyolea. Nikamwuliza, "Nimwambie nini Shangazi?" Akasema, "Wewe mwambie yako." Nikamwambia kalamu ni hii, na chini nimeacha nafasi, asipoandika nitachora paka. Sasa naiacha barua mezani, naenda kuoga. Ukikuta paka, ujue hakuandika.

Fundi wa Kumi na Mbili


Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo.

Huyu mtoto anaongea sana, lakini ile ya Juni niliitazama kabla hajaifunga. Nisingeirekebisha popote. Nilitaka kumwambia, nikaona atalewa sifa na wewe bado hujaiona.

Nafasi ikitokea tena mchukue. Usiniulize mimi kwanza. Nikiulizwa nitasema karakana ina kazi nyingi.

Kaka yako